Kwa Furaha, Aliyenifundisha Kusoma Nyuma ya Pakiti

Furaha mutoto wangu,

Barua hii inakufikia bila kufungwa, usifikiri bahasha ilikosekana. Mama Kavira, yule muuza vitenge, ndiye anaibeba. Siku hizi anazungukia Uganda hadi kufika kwenu Beni, na kwenye kila barriere wanafungua muzigo wake, wanaangalia hata ndani ya viatu. Aliniambia, "Mama Furaha, ukiifunga wataipasua. Ukiiacha wazi wataona ni mambo ya wanawake, watanirudishia." Basi nimeiacha wazi. Mwenye kutaka kuisoma njiani aisome, hata kama ana bunduki. Ataona habari ya sukari na chumvi, kisha ataikunja.

Nimeiandika na mukono wangu mwenyewe. Unajua masomo yangu yalifika wapi: mwaka wa tatu wa primeri kule Kibumba, kisha baba yangu akasema shamba la shu, hizi kabichi zetu, halilimwi na kalamu. Kama kuko makosa, uyaruke kama unavyoruka mawe ya hapa kwetu. Hii ni siku yangu ya nne kuandika. Naandika asubuhi mbele ya kwenda sokoni, naandika tena nikirudi, kabla mwanga haujaondoka kwenye mulango.

Kwenye simu siwezi kusema haya. Unaniuliza, "Mama, uko muzima?" Nami najibu, "Niko muzima, na wewe?" Unasema uko muzima. Kisha rezo inakatika na mimi nabaki na simu kwenye sikio, kama mutu aliyeambiwa angojee. Siko muzima, Furaha. Nitakuambia. Lakini uniache nianzie mbali, kwa sababu kusema moja kwa moja kumenishinda tangu mwezi wa kwanza.

Unakumbuka mulima ulipopasuka mara ile ya kwanza? Ulikuwa na miaka sita. Tulivuka upande wa Gisenyi na godoro moja na sufuria moja, wewe ukiwa mabegani mwa papa yako. Tuliporudi, parsele yetu, kiwanja na nyumba, ilikuwa imelala chini ya mawe meusi, na mawe yalikuwa bado na joto. Ulikuwa unaruka muguu huu na muguu huu ukisema ardhi inauma. Watu wa musaada walitugawia boite za chakula zisizo na picha hata moja. Mama wote walikuwa wanazitikisa kwenye sikio ili wajue kama ni nyama ao samaki. Wewe ukakaa chini, ukaweka kidole kwenye ile karatasi ndogo, ukasoma kwa sauti kama uko mbele ya mwalimu: "Pooo... is. Pois."

Papa yako akauliza, "Pois ni nini?"

"Sijui, papa. Lakini hiyo njo iko ndani."

Tulipofungua na kukuta ni mbegu zile za kijani, papa yako alicheka hadi akashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza kumusikia anacheka tangu moto. Akasema, "Mama Furaha, huyu mutoto anaona ndani ya chuma." Siku zilizofuata, wakati alikuwa anapigilia mbao za nyumba hii ninamokaa, kila fundi mwenzake aliyepita alisimuliwa habari hiyo. Ya nyumba yetu iliyoungua alikuwa hasimulii.

Nilifikiri kusoma ni kitu cha watoto, kama vile kuruka kamba. Sikujua siku moja utanirudisha mimi darasani.

Ni papa yako aliyetuleta huko, na ugonjwa wake. Wewe ulikuwa umekwisha kumaliza masomo yako ya lishe, unapima watoto kwenye santé, kituo cha afya, unazunguka na ile mizani ya kuning'iniza. Munganga alipotuambia ni sukari, papa yako alitikisa kichwa, akasema mutu ambaye maisha yake yote amekula mavumbi ya mbao atapatia wapi sukari. Lakini wewe hukucheka. Siku ya pili yake ulinishika mukono, ukanipeleka kwenye lile duka kubwa la Majengo, ukaniambia, "Mama, leo hatununui kitu. Leo tunasoma."

Aibu niliyosikia siku ile! Tulisimama mbele ya rafu, wewe unatoa pakiti, unaigeuza, unanipa. Mwenye duka alitutazama, akatutazama tena, kisha akavumilia akashindwa.

"Mama, unanunua ao unafanya egzamen?"

Wewe ukamujibu bila kugeuka, "Anafanya egzamen, papa. Umungojee kidogo, atapata diplome."

Uliniambia mbele ya pakiti ni mwenye kuuza ndiye anasema, na mwenye kuuza hajawahi kusema nyanya zake zimeoza. Kwa hiyo geuza. Nyuma kuko maandishi madogo kama sisimizi, na wewe ulisema yameandikwa madogo kwa sababu hawataki mama kama mimi wayaone. Ulinionyesha orodha. Kitu cha kwanza kwenye orodha ndicho kiko kingi kuliko vingine, cha pili kinafuata, hivyo hivyo hadi mwisho. Tulichukua jus yenye machungwa matatu makubwa mbele yake. Nikasoma pole pole: kwanza maji, pili sukari, na machungwa niliyakuta kwenye nafasi ya sita, nyuma ya majina ambayo hata wewe uliyasoma kwa kukwama. Machungwa yaliyochorwa nje yalikuwa mengi kuliko yaliyo ndani! Nilipiga kelele mule dukani. Yule papa akasema, "Mama amefaulu, sasa mutoke."

Kisha kuko zile namba. Namba hazikunisumbua, mutu anayeuza sokoni hashindwi na namba. Ulinifundisha nitafute pale pameandikwa "pour 100 g", kwa sababu pale ndipo vitu vyote vinapimwa kwa mizani moja, na mutu anaweza kulinganisha biskuti na biskuti bila kudanganywa na ukubwa wa pakiti. Nitafute "glucides": ndicho chote kinachogeuka sukari kikifika kwenye damu. Chini yake "dont sucres": hiyo ni ile sukari yenyewe. Chini kabisa "sel", chumvi. Nilirudi nyumbani nikiimba maneno hayo kama sala ya kukariri, glucides, sucres, sel, ili yasianguke njiani.

Ndipo nilipogeuza ile cube ya supu ninayotia kwenye sombe, majani ya muhogo, na kukuta kitu cha kwanza kabisa ni chumvi. Na mimi nilikuwa natia tatu! Tukapunguza hadi moja, kisha tukaacha, tukaweka vitunguu vingi na limau. Papa yako alikula siku ya kwanza, akaweka kijiko chini kwa heshima kubwa.

"Sombe hii imetoka hospitali?"

"Kula, papa," ukamwambia.

"Nakula. Nauliza tu kama inapokea wageni."

Na siku ile ulinikuta nimeinama mulangoni, nasoma kopo kwa bidii, jasho linanitoka. Ukauliza nasoma nini. Nikakuambia karanga hizi ni mbaya, nimeona ndani yake mayai na vinegri. Ulichukua lile kopo ukaliangalia, ukaanguka kwenye kiti kwa kucheka. Lilikuwa kopo la mayonezi. Mwenye kuuza karanga za kusaga alilinunua tupu, akaliosha, akajaza karanga zake, akaacha karatasi juu yake. "Mama," ukasema ukijifuta machozi, "unasoma nyumba, na mwenyeji alihama zamani." Nilikasirika kidogo. Lakini hapa kwetu nani anauza kitu ndani ya kopo lake? Mafuta ya mawese yako ndani ya chupa za maji, asali iko ndani ya chupa za pombe, maziwa ya unga yanapimwa ndani ya visashe vilivyofungwa na fundo. Karatasi inasema hivi, na ndani kuko jambo lingine. Hata hiyo uliniambia nikumbuke. Nilikumbuka. Kitu ambacho hukuniambia, kwa sababu hakuna mutu angewaza kusema, ndicho kilichotuangusha.

Sasa nimefika kwenye Sake. Tangu siku ile sijatamka neno hili mbele yako.

Mulima ulipopasuka mara ya pili, wewe ulikuwa upande wa Rutshuru na mizani yako. Sisi tuliamriwa kuhama muji, na ardhi ilikuwa inatetemeka bila kupumzika. Nilimushika papa yako mukono, tukatembea na watu wote hadi Sake. Alichoka kuliko nilivyowahi kumuona. Tulilala kwenye darasa moja, familia nyingi pamoja, na asubuhi uso wake ulikuwa umekuwa na rangi ya majivu. Wamama waliokuwa karibu yangu wakamutazama, wakasema, "Damu ya muzee imeisha. Umutengenezee ile nyekundu."

Ile nyekundu unaijua. Sucré nyekundu, ile soda ya chupa, na tomati ya boite, na maziwa, unakoroga. Ndiyo mama yangu alinipa nilipokuzaa wewe. Ndiyo tunampa kila mutu aliyetokwa na damu. Wewe ulikataza sucré, na mimi nilikuwa nimetii miaka miwili mizima, hata kwenye harusi za watu tulimupa kopo la maji kwa siri. Lakini ile nyekundu, Furaha, kwetu haikuwa sucré. Ilikuwa dawa. Moyo wangu haukuihesabu kabisa upande ule.

Na nilisoma, mutoto wangu. Hicho ndicho hukukijua, na ndicho kinanila. Niligeuza boite ya tomati, nikaona sukari kidogo, nikasema sawa. Niligeuza ya maziwa, nikasoma, nikasema nitatia kidogo. Nikachukua chupa. Ni ile chupa ya kioo, ya kurudisha, ambayo jina limechorwa juu yake na rangi. Niliizungusha yote. Nikaangalia chini yake. Nikaangalia hata kwenye kifuniko. Hakukuwa orodha, hakukuwa glucides, hakukuwa namba hata moja. Nikawaza: kama kungekuwa na sukari wangeandika, kwa sababu wewe ulinifundisha kwamba wanaandika. Kisichoandikwa nikakiita hakuna. Nikakoroga. Nilimunywesha asubuhi na jioni, siku nne, na yeye alikuwa anakunywa akinishukuru. "Aksanti, mama. Hii ni tamu kweli." Alikuwa hajaonja kitu kitamu tangu zamani. Siku ya tano alikuwa ananiita jina la dada yake.

Ulitukuta hospitali. Kile kifaa cha kupimia damu kilikataa hata kutoa namba, sukari ilikuwa imepita kipimo. Munganga aliuliza amekula nini, nikasema yote, chupa kwa chupa, wewe ukisimama nyuma yangu. Hukupiga kelele. Ingekuwa bora ungepiga. Ulisema tu, "Mama, nilikufundisha bure."

Papa yako alipona siku ile. Alirudi nyumbani, alikaa nasi tena miezi minane, alitengeneza hata kile kiti chenye muguu mufupi. Figo ndizo zilimuchukua baadaye, na munganga alisema zilikuwa zimeanza kuharibika zamani sana kabla ya Sake. Alisema hivyo mbele yetu wawili. Wewe uliitikia na kichwa, nami niliitikia, na hatukuongea tena jambo hilo. Lakini tangu siku ya hospitali hukunipa tena pakiti nisome. Ulikuwa unazisoma peke yako, unaniwekea mezani zilizochaguliwa, kama mutu anayeficha kisu mutoto asikifikie. Kisha kazi ikakuita Beni. Ulinikumbatia kwenye parking ya magari, ukasema utarudi kwa siku kuu. Mbele ya siku kuu kufika, wenye bunduki waliingia muji, barabara ikafungwa, ndege zikaacha kushuka, na wewe ukabaki upande ule na mimi upande huu.

Sikuandiki ili unihurumie. Lakini ujue namna ninavyokaa. Nyumba ya mbao ikiwa na mutu mumoja inaongea sana: jua likipanda mbao zinalia, mvua ikija zinalia kwa namna nyingine. Siko na sufuria ndogo. Zote ni za wakati wetu. Nasonga bugali, mukono wangu hautaki kujifunza kipimo cha mutu mumoja, kila siku inabaki ya watu watatu. Niliacha kumupelekea Mama Aline kila mara, yule jirani yetu, kwa sababu alianza kunitazama na huruma, na huruma ya Mama Aline ina maneno mengi. Sokoni muchana wote watu wananiita, "Mama Furaha, shu hii ni ya Kibumba?" "Mama Furaha, nipunguzie!" Jina lako linapita kwenye masikio yangu mara mia kwa siku, nami nageuka kila mara.

Sasa nakuambia. Mwezi wa kwanza nilijikwaa kwenye jiwe la mbele ya mulango, kidonda kidogo tu kwenye kidole cha muguu. Kikakataa kukauka. Kisha kiu ikaja, kiu ya kunywa kopo na kulitazama tena likiwa tupu. Nilijua kabla ya kupimwa. Nilimuona papa yako miaka yote ile. Munganga alinitoboa kidole, akaangalia, akaniangalia. Sukari. Aliniambia dawa zinakosekana siku hizi, leo ziko, kesho haziko, njia zimefungwa. "Kwa hiyo, mama, dawa ya kwanza ni kinywa chako. Uangalie unachokitia ndani." Akaniuliza kama najua kusoma karatasi za vyakula. Aliuliza mara mbili, akifikiri sikusikia Kifaransa chake. Nikasema, "Nilifundishwa."

Unajua jambo lililokuwa gumu kuliko yote? Si bugali, hiyo nimeipunguza, nakula maharagi na majani ya lengalenga, na sambaza, wale samaki wadogo, nikizipata. Jambo gumu ni watu. Kulikuwa kilio kwa jirani wa juu, tukakaa kwenye viti vya plastike, wakapitisha sucré kama ilivyo desturi. Nikasema aksanti, nitakunywa maji. Mama mumoja wa familia ile akasimama na kreti mikononi.

"Mama Furaha anakataa kinywaji chetu? Anafikiri tumetia nini ndani?"

Unajua hapa kwetu kukataa chupa ya mutu kunamaanisha nini. Viti vyote vilinigeukia. Zamani ningekunywa. Ningekunywa hata kama ningekufa, ili wasiseme nimewaita warogi siku ya kilio chao. Nilisimama na muguu wangu uliofungwa, nikasema, "Niko na sukari. Ile iliyomusumbua bwana yangu. Chupa hii mukinipa, mutakaa tena kwenye viti hivi kwa ajili yangu."

Mama Aline, huyo huyo, akapaza sauti: "Wewe mwenye kula shu kila siku! Sukari ni ugonjwa wa matajiri, umeipata wapi?"

Watu walicheka, hata mwenye kreti alicheka, nami nilipewa maji. Lakini niliporudi nilifunga mulango, nikakaa kwenye kile kiti chenye muguu mufupi. Niliwaambia watu wote wa quartier kitu ambacho wewe mutoto wangu hukukijua. Ndiyo maana nilianza barua hii siku iliyofuata.

Na Mama Aline ana moyo, ujue. Juzi alikuja na pakiti ya biskuti, alitumiwa na mukwe wake aliye ng'ambo ya mupaka. "Hizi ni za wagonjwa kama wewe," akasema. "Imeandikwa, angalia." Kweli mbele kumeandikwa kwa herufi kubwa, na jani la kijani pembeni: SANS SUCRES AJOUTÉS, bila sukari ya kuongezwa. Alikaa akingoja nifungue, tule pamoja na chai, kwa sababu zawadi inafunguliwa mbele ya aliyeileta. Nilimwambia tumbo linaniuma. Amesema atarudi siku ya yenga, Jumapili, baada ya misa, na najua atarudi, na ataikuta bado imefungwa, na sijui nitamwambia nini.

Kwa sababu niliigeuza, Furaha. Nakuandikia nilichokiona, herufi kwa herufi kama iko. Kitu cha kwanza: farine de blé, unga wa ngano. Cha pili ni mafuta, cha tatu nimeshindwa kukisoma, ni jina refu linaloanza na M-A-L-T. Pour 100 g: glucides 68 g. Dont sucres 2 g. Sel 1,1 g.

Ile 2 ni ndogo sana, na nilipoiona nilifurahi hadi nikagusa kamba ya kufungulia. Kisha nikaona 68 juu yake. Nikaacha. Mimi nawaza kwamba mbele wanasema ukweli na bado wananidanganya: sukari hawakutia, lakini unga ni mwingi, na unga ukifika kwenye damu hauulizi uliitwa nani kwenye pakiti. Nawaza hivyo. Lakini hata Sake niliwaza, na niliwaza vizuri, hatua kwa hatua, hadi kwenye kinywa cha papa yako. Sina mutu wa kuniambia kama leo nimewaza vizuri. Mama Aline anasoma mbele tu. Munganga anaona watu wengi, na pakiti siwezi kumupelekea kila mara.

Hukunifundisha bure. Nilitaka kukuambia hivyo pale hospitali, lakini nilikuwa sina haki. Sasa muguu wangu umeanza kukauka. Munganga amenipima mara tatu na kila mara namba inashuka. Ni wewe uliyeishusha, ukiwa Beni, bila kujua. Kila kitu kinachoingia kwenye nyumba hii nakigeuza kwanza, na kile kisicho na maandishi sikiiti tena hakuna, nakiacha dukani. Hicho nilijifunza mwenyewe, kwa bei ambayo wewe pia uliilipa, na sikuombi uniambie imekwisha.

Nakuomba kitu kidogo. Mama Kavira atakaa kwenu siku sita, kisha anarudi. Umupe karatasi. Uniambie juu ya hizi biskuti, ndiyo ao hapana, na kama ni ndiyo, ngapi. Neno moja linatosha. Nitalichukua hivyo na sitauliza lingine.

Lakini kama ukianza na mukono wako ukataka kuendelea, hata kama ni maneno makali, uendelee. Usiyapunguze kwa ajili yangu. Mimi nasoma pole pole, lakini nasoma hadi mwisho, hata yale madogo ya chini.

Ujifunike vizuri, baridi ya asubuhi isikuguse kifua. Mungu akulinde kwenye njia zako za huko.

Ni mimi, mama yako.